Miaka Miwili Waliyokataa Kuihesabu

Hasira hii ninayo tangu Hali ya Hatari, enzi za vita vya Mau Mau, na uzee haujaipunguza. Nilikuwa nimemaliza miaka miwili ya upimaji na uchoraji katika chuo cha ufundi Nairobi, ndipo sisi watu wa Embu na Meru tukapakiwa kwenye malori na kurudishwa makwetu. Nikajikuta kwa mama yangu, katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge karibu na msitu wa Embu.

Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo nilichokiandikia kilinijibu kwamba kingeweza kuihesabu miaka yangu miwili, niingie moja kwa moja mwaka wa tatu wa shahada ya uhandisi. Sharti lilikuwa moja: mhandisi athibitishe kwamba nimefanya upimaji kwenye kazi halisi. La sivyo ningeanza upya, na serikali isingeniruhusu kutoka nchini kwa muda mrefu namna hiyo.

Kazi pekee iliyokuwapo ilikuwa handaki la kutenganisha msitu na vijiji, wapiganaji wa msituni wasipate chakula. Lilichimbwa kwa lazima, na wachimbaji wengi walikuwa wanawake. Mhandisi Mzungu aliyelisimamia aliniambia nimpimie kipande chetu, naye atathibitisha. Nilikubali papo hapo.

Nikapiga vigingi, nikavuta kamba. Mstari wangu ulipita juu ya mwamba. Ningeweza kuupindisha uuzunguke mwamba, ila mchoro usingependeza. Sikuupindisha.

"Wewe Mzungu wetu mdogo," mwanamke mmoja aliniita kutoka shimoni, "huko chuoni walikufundisha kwamba jiwe hulimwa?"

"Mwache," mwenzake akamjibu. "Anapanda mawe, avune digrii."

Wakacheka. Mama yangu alikuwa kati yao na sululu yake. Hakucheka.

"Mama, ni kipande kifupi tu," nilimwambia.

"Kifupi kwako, umesimama juu."

Mwamba ule uliwachubua mikono kwa wiki nyingi. Mimi nilikuwa na karatasi safi na penseli iliyochongwa vizuri.

Mhandisi alituma uthibitisho wake, na jibu la chuo likaja. Kumbe mhandisi aliandika kwamba nilikuwa mnyapara mzuri wa vibarua. Kuhusu upimaji, kimya. Chuo kikasema kusimamia vibarua si uhandisi, nianze mwaka wa kwanza. Nilimfuata mhandisi ofisini kwake. Michoro yangu ilikuwa ukutani, imeandikwa jina lake.

"Kijana," alisema bila kuinuka, "ulitaka niwaambie wakubwa wangu kwamba ni wewe uliyenipimia?"

Mwizi yule alistaafu na heshima zake, na chuo kile hakikujisumbua kuniuliza swali hata moja. Siwasamehe. Lakini kigingi cha pale mwambani nilikipiga mimi, kwa mkono wangu, nikiwaona wanawake wale.

Siku iliyofuata ile ya ofisini niliingia handakini, nikamwambia mama kwamba miaka yangu imekataliwa. Nikaishika sululu yake nichimbe badala yake. Akaninyang'anya.

"Toka humu," alisema. "Ukivimba mikono utawaandikiaje tena? Waambie wamekosea. Watu waliosoma huambiana."

Nilitoka. Jioni nikaketi mezani ili anione nimeshika kalamu, nikajaza ukurasa kwa maneno yasiyo na maana, nikaukunja. Sikuwaandikia tena, hasira ilikuwa imenila. Kwa miaka mingi mama aliniuliza kama wamejibu, nami nikamwambia bado.