Simu Niliyompigia Mzee wa Bustan

Siku nnayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Jumatatu moja ya joto kali, nimevaa kanzu mpya iliyopigwa pasi ikanyooka, nnakwenda mtaa wa Bustan kumtisha mgonjwa. Usishtuke. Nnakwambia kama ilivyokuwa, kwani nikikuficha hilo, haya mengine nitakayokwambia utayasikia kama maneno matupu.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Wazee wangu walitoka Unguja, sisi tukakulia hapa hapa Uarabuni, Kiswahili cha ndani ya nyumba na Kiarabu cha nje. Nilikuwa nimeshachumbia, na harusi zetu unazijua gharama zake. Basi nikapata kazi katika ofisi moja ndogo mtaa wa Ruwi, ghorofa ya tatu, kiyoyozi kinavuja maji ndani ya ndoo. Kazi yetu ilikuwa kudai. Spitali za watu binafsi zikishindwa kulipwa, zilitupa sisi orodha, na sisi tukipiga simu. Kila nitakachokirudisha, na mimi nna fungu langu.

Katika orodha ile palikuwa na jina la mtu, nambari ya simu na kiasi anachodaiwa. Basi. Hatukujua kaumwa nini, kalazwa siku ngapi, wala nani kafanya hesabu. Mkubwa wetu hakupenda maswali. "Wewe kazi yako sauti," aliniambia siku ya kwanza. Na sauti nilikuwa nnayo. Nikajifunza kumpigia mtu kazini kwake, ili wenzake wasikie. Nikajifunza kusema "leo kabla ya saa nane", na hiyo saa nane haikuwa na maana yoyote. Nikajifunza kusema "faili lako liko mbele yangu", na mbele yangu pana gilasi ya chai. Nilijiona hodari, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilijiona hodari.

Sasa, katika orodha yangu palikuwa na mzee mmoja wa Bustan, jina lake Seif. Alikuwa kapasuliwa kutolewa mawe ya nyongo, ingawa hilo nilikuja kulijua baadaye. Simu za mwanzo alizipokea kwa adabu, akiniomba nimstahamilie mpaka apate nguvu. Mimi subira ile nikaiona ujanja. Siku ya nne nikamwambia, "Na hiyo spitali usikanyage tena mpaka ulipe. Ukionekana mlangoni tu, watakukamata." Hakuna aliyenituma niseme hivyo. Nilibuni pale pale, kwa sababu nilimsikia pumzi zinambadilika, nikajua nimempata.

Baada ya hapo simu yake ikawa inalia bila kupokelewa. Mkubwa wetu akanikabidhi karatasi iliyokwisha pigwa chapa: mimi fulani nakiri kudaiwa kiasi hiki chote. "Nenda akutilie sahihi," akasema. "Akishatia, hana tena la kusema."

Ndiyo nikenda. Aliyenifungulia mlango ni mkewe, Bi Thuwaiba, mama mfupi, mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Nikamsalimu kwa Kiarabu, kwa ile sauti yangu ya ofisini, nikamwambia nimekuja kwa jambo la deni. Hakubadilika uso. Alinikaribisha ndani, akanimiminia kahawa, akakaa mbele yangu akingoja. Nikaanza kumsomea khatari zitakazomfika mumewe.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mama yangu, anataka nipitie dukani nimnunulie tui la kopo. Nikamjibu kwa Kiswahili, haraka haraka, "Ndiyo mama, nitapita, nimekusikia." Nilipokata simu, Bi Thuwaiba alikuwa kaivaa ile miwani ananitazama.

"Kumbe mwana wa kwetu," alisema, kwa Kiswahili. "Mama yako nani?"

Nikamtajia. Sikuwa na njia.

"Mama yako namjua. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, Malindi ya Unguja, tukichangia juzuu moja." Akaniongezea kahawa. "Anajua kazi unayoifanya?"

Mama alikuwa anajua kwamba nafanya kazi ofisini. Nilimwambia Bi Thuwaiba hivyo hivyo, na nilipoyasikia maneno yangu nikaona haya.

"Haya, baba, sasa tuzungumze kama watu," akasema. "Deni silikatai. Mume wangu kapasuliwa, na waliompasua wana haki yao, nami sitaki kula haki ya mtu. Lakini hizi riali zote ni za nini?"

"Za matibabu, mama."

"Matibabu yepi? Kulala usiku mmoja bei gani? Dawa bei gani? Daktari kachukua ngapi?"

"Sijui."

"Na barua ya spitali inayosema wamekutuma wewe uwadaie, iko wapi?"

Nilikuwa na kadi ya ofisi tu, ina jina langu na picha. Akaichukua, akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia.

"Mimi nilikuwa karani wa ghala la serikali miaka kumi na minane," akasema. "Sikupokea hata gunia la mchele bila karatasi yake. Wewe unataka Seif atie sahihi juu ya kitu ambacho hata wewe uliyekileta hukijui?"

Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Nilidhani amemaliza, nikawa nainuka. Akasema, "Ngoja. Njoo umwone unayemdai."

Mzee Seif alikuwa kalala chumba cha nyuma, dirisha limefungwa. Uso wake ulikuwa unang'ara jasho. Kitambaa alichofungwa tumboni kilikuwa kimeshika rangi ya manjano, na harufu, mwanangu, sitaki kukusimulia. Alikuwa anatakiwa akasafishwe kidonda kila baada ya siku mbili. Siku kumi na mbili alikuwa hajakwenda.

"Nimembembeleza mpaka nimechoka," alisema Bi Thuwaiba. "Nikamwambia basi twende hata spitali ya serikali. Anasema zote zina kompyuta moja, watamwona. Kuna mtu kamwambia katika simu kwamba atakamatwa."

Mzee akageuza kichwa akanitazama. Sauti yangu aliitambua, niliona machoni mwake. Hakunitukana. Aliniuliza tu, kwa unyonge kama mtoto, "Nikenda watanikamata?"

Nikapiga magoti pale kitandani nikamwambia, "Hapana, ami. Hakuna wa kukukamata. Nilikwambia uongo."

Kisha nikamwinua. Tukampeleka mimi na Bi Thuwaiba, yeye kamshika huku, mimi huku, mpaka ndani ya gari yangu. Njia nzima nilikuwa nasoma kila dua nnayoijua. Bi Thuwaiba alikuwa kaupakata mfuko wa plastiki wenye picha za eksirei na risiti zake zote.

Tulipofika spitali, ile ile iliyompasua, mzee alisita mlangoni. Alinishika mkono kwa nguvu, vidole vyake vya moto. Askari wa mlango akaja mbio kuelekea kwetu, na mzee akafumba macho. Mwanangu, askari yule alikuja na kiti cha magurudumu. "Karibu, baba," akasema, "kaa hapa, pole pole." Nilimsikia mzee akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyebeba mzigo wiki mbili hajautua.

Muuguzi alimgombeza kweli kweli. "Ulikuwa wapi? Tumekungoja!" Hakuna aliyemtajia pesa. Daktari akakitazama kidonda, akasema kimeingia uchafu lakini hakijafika ndani, kitasafishwa, atapigwa sindano, atapona. "Mngemchelewesha siku chache zaidi ningesema maneno mengine," akatwambia. Nikatoka nje ya chumba nikaegemea ukuta. Sijapata kushukuru vile katika maisha yangu, na mzee mwenyewe hakuwa baba yangu.

Wakati wanamsafisha, Bi Thuwaiba akanigusa bega. "Twende dirisha la hesabu," akasema.

Pale palikuwa na binti mmoja karani, mpole. Bi Thuwaiba hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, nakuomba bili ya mume wangu, kila kitu na bei yake, ukurasa baada ya ukurasa." Binti akaitoa kwenye mashine, kurasa tatu. Bi Thuwaiba akaipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, watu nyuma yetu wanangoja naye hana haraka. Kidole kikasimama.

"Hapa mmeandika kalala siku kumi na moja. Kalala siku nne. Hii karatasi ya kutoka, tarehe hiyo."

Binti akatazama, akaita mkubwa wake. Kumbe siku zilikosewa kuandikwa. Na si hilo tu. Zile pesa alizoweka Bi Thuwaiba siku ya kumlaza mumewe hazikuwa zimetolewa katika hesabu. Naye risiti yake akaichomoa mfukoni, ina muhuri. Wakaomba radhi. Wakasahihisha pale pale mbele yetu, na kilichobaki hakikufika thuluthi ya kile nilichokuwa nikimtishia mzee wa watu. Bi Thuwaiba akaomba alipe kidogo kidogo kila mwezi, wakaandikiana, wakapiga muhuri, akapewa nakala. Aliikunja akaitia mfukoni, akavua miwani, ndipo nikaona machozi. Hapo hapo akaanza kucheka, akawa anacheka na kulia, na yule binti karani naye akacheka asijue anacheka nini.

Kurudi tulipita njia ya baharini. Tulipofika Matrah, karibu na Bandari ya Sultan Qaboos, mzee akasema nyuma ya gari, "Nna njaa." Bi Thuwaiba akageuka kama kasikia muujiza. Wiki nzima alikuwa hali ila maji na uji. Nikasimama nikanunua mishkaki na mikate, akala humo humo garini, mchuzi wa ukwaju ukanimwagikia kiti, na mimi nimefurahi.

Alipomaliza akaniuliza, "Ile sauti ya katika simu, ndiyo wewe kweli?"

"Ndiyo mimi, ami. Nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema. "Usiitumie tena."

Kesho yake nilimwambia mkubwa wetu yaliyotokea. "Nimekutuma ukusanye," akanijibu, "sikukutuma ukahesabu." Mwisho wa mwezi nikaacha. Nilikwenda kumkabili mama kwa khofu, kumbe Bi Thuwaiba kashampigia simu siku nyingi. Mama alinipakulia chakula akasema, "Sasa utalala vizuri." Na kweli nililala. Harusi ikawa ndogo, biriani likawatosha waliokuja, na mke niliyemuoa ndiye huyu unayemsikia jikoni anakohoa makusudi ili nifupishe maneno.

Basi nifupishe. Mwanangu, siku hizi wadai hawaji tena na kanzu iliyonyooka, wanakutumia ujumbe katika simu, tena wenye nembo na maneno mekundu. Lakini sauti ni ile ile, mimi naijua, niliifundishwa. Ukiambiwa unadaiwa na spitali, usikimbie wala usikubali papo hapo. Uliza wewe nani, umetumwa na nani, nipe barua yao. Kisha usimtegemee huyo. Piga mwenyewe au nenda mwenyewe spitali, uombe bili yenye kila kitu, uisome mpaka mwisho, hata ukiona haya mbele za watu walio nyuma yako. Kama una bima, uliza imelipa nini. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Usimkabidhi mtu bataka yako, hicho kitambulisho, akae nayo kama rehani. Usipeleke pesa katika akaunti ya mtu. Peleka panapotolewa risiti, na risiti uiweke. Akikupigia kazini kukufedhehesha, akakutajia polisi na kukamatwa, andika siku na saa na alichokisema, upeleke kwa ofisi ya serikali inayolinda wateja. Mdai si askari wala si kadhi. Ila barua ya mahakama yenyewe ikija, hiyo usiiache chini ya mlango. Ipeleke kwa mwanasheria siku ile ile.

Na ukithibitisha kwamba deni ni la kweli, lilipe, kidogo kidogo kama huna, kwa maandishi. Bi Thuwaiba alilipa mpaka riali ya mwisho.

La juu ya yote hayo: usiache kwenda kutibiwa kwa sababu ya khofu ya pesa. Pesa zitazungumzwa. Mzee Seif aliishi miaka mingi baada ya siku ile, lakini haikuwa kwa hisani yangu.

Na wewe, ikiwa riziki yako itakuja kwa kudai, dai haki, na jua unadai nini kabla hujafungua kinywa.

Mwenyezi Mungu akupe afya usiyoinunua, na ukiumwa akupe mikono yenye huruma. Akujaalie ulale usiku huna deni la mtu wala machozi ya mtu, na kila mlango utakaouendea kwa khofu, atoke mtu wa kukwambia karibu. Amin.