Bambo Ndani ya Kitabu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Shule niliachia darasa la tano, nikaanza na gunia moja la mahindi Tongaren, na leo nina stoo mbili Kitale. Kwa hivyo nilipomaliza kuandika kitabu cha maisha yangu, nilijua kukiuza ni kama kuuza mahindi: unatafuta broka.

Shemeji yangu, mwalimu huko Bungoma, akanicheka. "Wa vitabu anaitwa wakala, shemeji. Na wewe hawezi kukujibu."

"Atanijibu. Tena barua ya kukubaliwa utaisoma wewe mwenyewe mbele ya dada yako."

Hapo sasa nilikuwa nimejifunga.

Akanipa anwani ya wakala mmoja wa Nairobi, mama. Maagizo yake: tuma kurasa thelathini za kwanza. Huyu mama, nikasema, atakuja kulaliwa na matapeli. Nani hununua gunia kwa kuangalia mdomo tu? Mwenye akili anadunga bambo, kile chuma chenye mfereji, juu, katikati na chini, aone kama umeficha mabovu. Mimi sifichi. Nikamtumia kurasa kumi za mwanzo, kumi kuanzia ule wa tisini, na kumi za mwisho. Sikuzipitia hata, bambo haichagui.

Akajibu: "Ndugu, ukurasa wa kumi unachunga mbuzi. Unaofuata unalia Webuye. Kumi mbele, unafungua stoo ya pili. Ni upepo ulipita hapa?"

"Madam," nikaandika, "hiyo ni sampuli. Mali ni ile ile mpaka chini."

"Si ile ile. Juu na chini unajisifu. Katikati nimesoma mara mbili. Tuma chote."

Katikati ni pale lori la kukodi liliponiharibikia Webuye, mvua ikanyesha siku tisa, na mahindi yangu yakaota humo humo ndani ya magunia. Mtaji wote. Nilikaa chini ya turubai nikalia, na wapita njia wakiuliza kama nauza miche. Mke wangu nilikuwa nimemwambia niliuza kwa hasara kidogo.

Nikatuma chote. Barua ya tatu ilipofika, shemeji akaja Kitale kuisoma, mke wangu ameketi papo hapo. "Nitakichukua, lakini kianzie Webuye, unapolia, ukurasa wa tisini. Zote zilizotangulia toa."

Mke wangu akageuka. "Ati ulilia?"

"Mvua ilikuwa kubwa, mama."

"Basi kataa, bana," shemeji akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Si wewe ni mtu mkubwa?"

Siku tatu sikulala vizuri. Kurasa hizo ndimo nilimowashinda watu wote, kuanzia darasa la kwanza. Siku ya nne nikaandika: "Madam, toa."

Msichana wa kupiga chapa pale Matisi alinitoza shilingi ishirini kila ukurasa, na harudishi. Kurasa themanini na tisa: shilingi elfu moja, mia saba na themanini.