Gongo ya Miwa Mbele ya Mtendaji

Juzi nilikuwa ofisi ya kata hapa Kasulu nasubiri mhuri. Kwa kusubiri, Kigoma nzima hakuna wa kunizidi. Benchi lenyewe lilichoka kabla yangu. Mara mgambo akaingia na mama mmoja wa makamo, na chupa ya gongo ya miwa, pombe ya marufuku, aliyokamatwa nayo jikoni kwake.

Mtendaji akainusa, akamtazama yule mama, akamwonea huruma. "Afande, haya si maji tu? Mama, nenda zako nyumbani."

Wote tukashusha pumzi. Mama hakusogea.

"Maji? Yebaba we! Mimi napika maji?"

"Mama, nimesema nenda."

"Watu wanatoka Kibondo kufuata ya kwangu! Leteni kiberiti."

Akamimina kidogo kwenye kizibo, akawasha. Moto wa buluu ukasimama, mrefu kuliko mnara wa simu. Mtendaji akafumba macho, akashika kichwa. Mgambo akamshika mama mkono, safari ya polisi.

Mlangoni mama akageuka, kidole juu. "Lakini si mmeona wenyewe?"

Tumeona, mama. Na nilivyochoka hivi, kesho naitwa polisi nikaseme hivyo hivyo.