Fainali Iliyomsubiri Mgeni Rasmi

Jumamosi saa nne asubuhi, katika ukumbi mmoja wa michezo na sherehe huko Njiro, fainali ya wanawake wa viti vya magurudumu kwenye mashindano ya tenisi ya kulipwa ilikuwa ianze. Mshindi angekwenda kucheza Nairobi. Wachezaji wote wawili walikuwa tayari, raketi mapajani.

"Dada zangu, vumilieni kidogo," mwandaaji aliwaambia. "Mgeni rasmi ameshatua, yuko uwanja wa ndege wa Kisongo. Anataka kuwaona nyinyi hasa."

"Kaka, nimekuja kucheza, sikuja kuonwa," alijibu mmoja wao, mkazi wa mtaa wa Daraja Mbili.

Wanaocheza wakiwa wamesimama hawakusubirishwa. Mechi zao ziliisha. Mgeni alifika saa tisa, akahutubia kwa kirefu kuhusu fursa sawa. Alipomaliza, wapambaji wa harusi ya jioni walikuwa mlangoni na vitambaa vyao.

"Muda wa ukumbi umekwisha. Turushe sarafu tumpate mshindi," mwandaaji alisema.

"Mazoezi yote yale, halafu sarafu?" aliuliza yule wa Daraja Mbili.

Mgeni rasmi tunamsubiri hata mazikoni, ila kule marehemu hana haraka.

Sarafu ilirushwa. Yule wa Daraja Mbili alikosa, Nairobi ikawa ya mwenzake. Mgeni rasmi aliinama, akampa mkono, wakapigwa picha.