Barabara Aliyoiomba Kukhu

Mwaka ule wa kura ya maoni ya katiba, ile ya ndizi na chungwa, nilikuwa Bungoma, nimeajiriwa kwa mkataba kama mkalimani. Ofisi ya mipango ilikuwa inachora barabara za miaka ishirini ijayo, kutoka Kitale mpaka mpakani Lwakhakha, na wakubwa walikuwa wameamua kwamba wananchi waulizwe kwanza. Injinia wao, asiyejua Kiswahili, alieleza kwa Kiingereza, mimi nikaeleza kwa Kiswahili, kisha nikamrudishia maneno yao.

Sikuwa na mtu Bungoma. Kwetu ni Kitale, kwenye shamba ambalo wazazi wangu walinunua walipotoka Nyeri. Lakini mama alikuwa ameshafariki, baba amehamia kwa kaka yangu Nakuru, na nyumba imefungwa. Nilipanga chumba kimoja nyuma ya soko. Majirani walikuwa wema, ila wakianza kuongea Kibukusu nilibaki natabasamu tu, kama mgeni wa harusi asiyejua amealikwa na upande gani. Jioni nyingine nilijikuta nawaza kwamba maneno yote niliyoyasema tangu asubuhi yalikuwa ya watu wengine.

Mkutano wa Bokoli ulifanyika kanisani. Mwanzoni watu walidhani tumekuja kupiga kampeni, wakakaa kimya. Injinia alipobandika ramani ukutani, mikono ikainuka. Huyu alitaka lami ya kupitishia miwa, yule daraja lisilozama. Ndipo mama mmoja mzee akasimama nyuma kabisa, leso kiunoni. Kila mtu pale alimwita Kukhu, nyanya.

"Mimi nataka ile ya kushuka kwangu," alisema. "Kutoka hapa kanisani mpaka mtoni."

Injinia aliuliza, nami nikatafsiri: "Huko kunakaa watu wangapi?"

"Mimi."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Nilizaa watoto watano. Wote walitokea hiyo njia. Wengine wako Nairobi, wengine Mombasa, mmoja alivuka Uganda. Nikiwapigia kwa simu ya dukani wanasema, mama, balabala ni mbaya, gari haiwezi fika. Si basi nyinyi muweke balabala?"

Kicheko kilikatika. Nilimtafsiria injinia neno kwa neno. Aliangalia viatu vyake. "Mwambie tutalifikiria," alisema. Nikamwambia.

Watu walipotawanyika, Kukhu alinishika mkono. "Wewe ni wa wapi?"

"Kitale, Kukhu."

"Na hapa unakaa na nani?"

"Peke yangu."

"Basi kuja unywe chai. Na uone hiyo njia."

Nilivua viatu nikavibeba. Ilikuwa ni mteremko wa udongo mwekundu uliochimbwa na mvua, katikati umejaa mawe. Hata baisikeli ilibidi ibebwe. Sebuleni kwake viti vyote vilikuwa vimetandikwa vitambaa vyeupe vilivyofuliwa, na yeye mwenyewe alikalia kigoda jikoni. Alinipa strungi, chai isiyo na maziwa, na viazi vitamu, akanitazama nikila mpaka nikamaliza. Kuanzia siku hiyo Jumamosi zangu zilikuwa za Bokoli. Nilimtekea maji, yeye akanifundisha kusalimu kwa Kibukusu, akicheka nilivyokuwa nikiyapinda maneno.

Miezi ilipita. Mpango ulipokamilika, ulisomwa kwenye ukumbi mmoja mjini Kitale. Ramani mpya ilikuwa kubwa, ya rangi. Nilitafuta Bokoli kwa kidole. Mstari mnene ulipita hapo ukaendelea na safari yake. Upande wa mtoni karatasi ilikuwa nyeupe.

Nilimuuliza injinia. "Ile si barabara ya mkoa," alijibu kwa upole. "Ni kijia cha mtu mmoja." Sikuweza kumkasirikia, maana alisema kweli.

Jioni nilipita nyumbani kwetu. Nyasi zilikuwa zimefika madirishani. Nilisimama langoni, nikageuka, nikalala gesti mjini.

Kesho yake nilimkuta Kukhu akipukuchua maharagwe. Nilimweleza yote nikiwa wima, kabla sijaketi. Mikono yake haikusimama.

"Afadhali," alisema.

"Afadhali nini, Kukhu?"

"Wangeiweka lami, ing'ae mpaka hapa mlangoni, na bado wasikuje, mimi ningesema nini?"

Nilivuta kigoda kingine, tukapukuchua pamoja mpaka mvua ikatufukuza ndani.

Mkataba uliisha muda mfupi baadaye. Nilirudi Kitale, nikafyeka nyasi, nikafungua nyumba, nikakaa humo peke yangu nikitafuta kazi. Kukhu nilimpigia kupitia simu ya dukani. Walimwita, akafika akihema.

Baada ya Krismasi aliniambia binti yake wa mwisho alikuja. Baisikeli ya bodaboda ilimshusha kanisani, akateremka kwa miguu, akalala siku mbili, akaondoka.

"Alisema nini kuhusu njia?"

"Hakuitaja."

"Na wewe ulimuuliza mbona alikuwa haji?"

Nilisikia kelele za dukani, mtu akiagiza sukari.

"Sikuuliza," alisema Kukhu. "Nilimchinjia kuku."