Maji Niliyomwaga Kwenye Turubai

Wanaonikumbuka kwa kuruka husema nilizaliwa na bahati. Waongo. Bahati yangu niliichota mwenyewe kwa ndoo, asubuhi ya Jumamosi, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru.

Miaka hiyo ya hamsini neno trampolini hatukulijua. Tulisema turubai tu. Lilikuwa turubai kuukuu la kufunikia mabehewa, limefungwa kwenye fremu ya vyuma kwa vipande vya mipira ya ndani ya magurudumu ya lori. Mwalimu wetu, mzee aliyekuwa askari wa Keya, jeshi la mkoloni, alitufundisha kuruka, kupinduka hewani na kutua kwa miguu miwili kama watu wenye akili. Tulikuwa zaidi ya kumi, lakini wa kutajwa tulikuwa wawili: mimi na mwenzangu wa chumba, niliyetoka naye kwetu magharibi, tukaandikwa kazi siku moja. Mimi nilikuwa kijiti. Yeye alikuwa pande la mtu, na niseme ukweli hata kama unaniuma: alinishinda. Mwili ule ulizama kwenye turubai polepole, ukapaa, na kule juu alitulia hata ungedhani ana nafasi ya kuwasha sigara.

Nafasi ya kwenda kushindana Nairobi ilikuwa moja. Mwalimu alisema atachagua Jumamosi, saa nne.

Siku ya kuruka, turubai hufagiwa tu. Maji yalikuwa mwiko, kwa sababu likilowa hukaza, na likikaza humrusha mtu upesi. Kwa mtu mwepesi kama mimi hiyo ni sukari. Mtu mzito, aliyezoea kuzama, hutupwa kabla hajajipanga. Hayo yote niliyajua vizuri sana.

Upepo ulikuwa umeleta lile vumbi la Nakuru linaloingia mpaka kwenye chai, nami nikapata kisingizio. Niliamka mapema, nikasema naenda kusafisha, nikamwaga ndoo tatu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kikulacho chake kilikuwa mimi, niliyelala kitanda cha pili. Kufika saa nne turubai lilionekana kavu juu, ingawa ndani nyuzi zilikuwa bado zimekaza. Mwalimu akanisifu kwa usafi.

Niliruka kwanza, na niliruka vizuri. Kisha akapanda yeye. Mruko wa kwanza ulimshtua, nikamwona usoni. Ningeweza kumwambia ashuke. Neno moja tu. Mruko wa tatu ulimtupa kando, goti likagonga chuma. Mlio wake sitausimulia.

Nairobi nilienda mimi. Nilirudi na kikombe, nikaruka miaka sita, nikapigwa picha, nikapewa kazi ya ofisini kwa sababu ya jina. Goti lake halikukunjika tena sawasawa. Alipotoka hospitali walimweka langoni, awe anafungua na kufunga.

Yale maji nimejaribu kujisamehe. Nilikuwa kijana mwenye tamaa, ndivyo ninavyojiambia. Kinachonikaba mpaka leo ni siku niliyomtembelea hospitalini, kesho yake nikiwa wa kupanda treni. Nilikuwa nimeamua kusema. Naapa nilikuwa nimeamua. Nikakaa kando ya kitanda, nikamwita ndugu yangu, na kabla sijaendelea akacheka kidogo.

"Ni hii tumbo yangu," akasema. "Wiki nzima nimekula kama ng'ombe. Mwalimu alinionya, nikapuuza. Ama wewe unaonaje?"

Akaniangalia, akingoja. Alinifungulia mlango wa kukwepa, nami nikapita mbio.

"Ni kweli," nikamwambia. "Umenenepa."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa hukumu ya haki. Muuguzi akaleta ugali na maharagwe. Alikula matonge mawili, akanisogezea sahani.

"Kula wewe," akasema. "Wewe ndio unaenda kuruka."

Nikala.