Walitaka kugawa vigari vyangu kwenye mirathi ya mume wangu

Wakuu, salamu kwa wote, mlioko nyumbani na mlioko huku tunakopambana na baridi.

Leo nimeamua kulitoa hili. Ni kweli tupu mwanzo mwisho, majina tu ndiyo nimebadilisha, maana baadhi ya wahusika wanasoma humu na watajijua. Wajijue tu.

Kabla sijaanza: mimi ni ke, mjane, nina binti mmoja yuko chuo. Naishi Alexandria, Virginia, kule West End, na nafanya housekeeping hotelini. Wa kuja PM kunipa pole kwa mtindo ule tunaoujua, msijisumbue.

Nina hobi. Naunga vigari vya plastiki vya zamani.

Cheka, ukimaliza tuendelee.

Kwa wasiojua: zamani Wamarekani walikuwa wanauza maboksi yenye vipande vya plastiki vya gari lililotoka mwaka ule. Unakata vipande, unaunga kwa gundi, unapaka rangi, unapata gari kamili lenye urefu wa kiatu. Boksi zima ndiyo wanaita kit.

Sasa utamu uko hapa. Mwaka unaofuata, gari la kweli likibadilishwa taa au shoo ya mbele, kiwanda hakikuhangaika kutengeneza kalibu mpya. Walichukua kalibu ileile ya chuma wakaichonga upya pale palipobadilika. Version ya kwanza ikawa imekufa. Huwezi kuitengeneza tena, labda uitafute iliyokwishatoka kiwandani.

Na kalibu ikichongwa inaacha kovu. Geuza paa la gari utazame kwa ndani, utaona viduara pale walipoziba matundu ya keria, ile ya kubebea mizigo juu ya paa. Macho yakishindwa, kucha inavisikia.

Anayeanza anasoma mwaka ulioandikwa chini ya chasisi anadhani ndiyo mwaka wa kit. Wapi. Ule ni mwaka kalibu ilipotengenezwa mara ya kwanza, hawakuwa na haja ya kuufuta. Boksi nalo usiliamini, kwa sababu maboksi ya zamani yakibaki walikuwa wanapakia humohumo vipande vipya. Amini plastiki.

Haya, nimewapa darasa la bure.

Nilianzaje? Mgeni mmoja alisahau kit chumbani, akatafutwa hakupatikana, muda wa kuhifadhi ukaisha, nikapewa mimi niliyeiokota. Nikaenda nayo nyumbani nikiwa na mawazo ya kuitupa. Nikafungua kwanza nione. Sikulala vizuri wiki nzima, wakuu. Nilikuwa nawaza matundu na vipini, vile vijiti vya kipande kimoja vinavyoingia kwenye matundu ya kingine.

Mume wangu, Baba Salma, alikuwa dereva teksi. Hakuwa na habari na vigari vidogo, vikubwa vilikuwa vinamchosha vya kutosha. Ila siku zake za mapumziko alinipeleka kwenye minada ya vitu vya wazee waliofariki, akanibebea maboksi, na nikiwa mezani alinishikia taa. Hivyo tu. Miaka yote.

Sasa mnajua Watanzania wa huku tulivyo. Mwanamke akisuka, akipika vitumbua vya kuuza, akiuza vitenge online, sawa. Siku moja wamama wa kikundi chetu walikuja kwangu wakakuta meza imejaa magurudumu. Mmoja akaniuliza kama nafungua gereji. Mwingine akauliza, kwa sauti ile ya huruma, kama niko sawa kichwani.

Kabla sijajibu, Baba Salma akatokea jikoni akasema, "Hivyo ni vyangu, mwacheni mke wangu."

Wakamgeukia yeye. Kuanzia siku hiyo akaitwa Baba Vigari. Msikitini, kwenye harusi, kwenye misiba, Baba Vigari. Akitaniwa anacheka, na akiulizwa anajibu ndiyo ni vyangu. Hata Idrisa, mdogo wake wa damu, alipouliza alijibiwa hivyohivyo.

Mimi nikanyamaza. Ilikuwa raha, nakiri. Nilikuwa naunga kwa amani, matusi anayabeba mwenzangu.

Halafu akafa. Moyo, kazini. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Nilipotoka eda, Idrisa akapiga simu kwamba ni wakati wa mirathi. Nisieleweke vibaya, Idrisa si jambazi. Sisi ni Waislamu, tuna binti tu bila mtoto wa kiume, kwa hiyo ndugu wa marehemu ana fungu lake na ni haki yake. Teksi ilikuwa ya marehemu, nikasema sawa. Akiba, sawa.

Akasema, "Na vigari, shemeji. Nimepata mtu wa kuvichukua vyote."

Wakuu, nilikaa chini sakafuni na simu sikioni.

Ukuta mzima wa vigari. Miaka yangu yote ya Amerika iliyokuwa na raha ndani yake imo kwenye ule ukuta. Na kwa maneno ya mume wangu mwenyewe, aliyoyarudia mbele ya watu kibao, vilikuwa vyake. Tulijenga uongo wa kuzima midomo ya watu, na sasa uongo wenyewe umegeuka mali ya marehemu.

Kikao kikawa Jumamosi, sebuleni kwangu. Idrisa alitoka Upper Marlboro, kule Maryland. Ustaadh wetu alitoka Langley Park kwa mabasi, akafika amechelewa, akalaumu ujenzi wa reli mpya inayopita mtaani kwao, kama kila mtu wa kule. Salma, binti yangu, alikuwepo. Na yule mnunuzi, mzungu wa makamo mwenye miwani ya kukuzia vitu imening'inia shingoni.

Mimi nikawa naleta chai. Nyumbani kwangu, mbele ya vitu vyangu, naleta chai.

Mnunuzi akapita ukutani polepole. Anachukua kimoja, anageuza, anapitisha kidole ndani ya paa. Nikajua huyu anajua. Akamwambia Idrisa kwamba kaka yake alikuwa na jicho kali sana. Idrisa akainamisha kichwa kwa heshima, na mimi nikamwaga chai kwenye kisosi.

Kisha akafika kwenye kile kilichokuwa juu ya TV. Gari refu la familia, station wagon ya kijani. Akakunja uso. Akasema bodi hii ni version ya pili lakini bampa ni ya version ya kwanza, na vipini vyake vimekatwa ili iingie kwa nguvu. Akasema kama marehemu alikuwa anachanganya hivi, basi itabidi ashuku na mengine yote.

Nikasema, "Hilo siyo langu."

Kwa Kiingereza nilisema, na kwa sauti. Nikaona Idrisa ameacha kutafuna.

Ngoja nitoke nje ya mada kidogo niwaeleze hiyo wagon. Baba Salma hakuwahi kuunga hata kimoja isipokuwa hicho. Nilikuwa na shifti mfululizo hotelini, akataka kunifanyia surprise. Akachukua bodi iliyokuwa mezani, akachukua bampa ya version ya kwanza niliyoitafuta mpaka nikakata tamaa kisha nikaipata, ikawa haiingii. Vipini vyake ni vipana kuliko matundu. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Yeye akachukua nail cutter ya bafuni akakata vipini vyote.

Narudi kazini ameishika kama mtoto mchanga. "Mama Salma, nimekumalizia."

Nilikasirika, siwafichi. Nilikaa siku nzima sisemi. Halafu nikaiweka juu ya TV, mahali ambapo kila mtu anaiona.

Turudi kikaoni. Idrisa akaniuliza, "Kama hilo siyo lako, shemeji, kwani lipi ni lako?"

Nikamjibu yote yaliyobaki.

Akanitazama kwa masikitiko, siyo kwa hasira. Akasema kaka yake alimwambia kwa kinywa chake, zaidi ya mara moja, na yeye hawezi kumfanya kaka yake mwongo kaburini. Ustaadh naye akasema hapa si mahakamani, ni kikao cha familia, lakini anayedai ndiye wa kuleta ushahidi.

Nikaweka birika chini. Sikuomba ruhusa.

Nikashusha wagon ya marehemu nikaiweka mezani. Nikashusha ya kwangu, gari lilelile, version ya kwanza niliyoipata nzima baadaye, nikaiweka pembeni yake. Nikamwambia Idrisa atie kidole chini ya paa la kwangu. Matundu halisi, vipini vya keria vimekaa ndani yake. Atie kwenye la kaka yake. Akasikia viduara. Nikamweleza matundu yalizibwa kiwandani, kwa hiyo hii bodi haijawahi kuwa na keria, lakini kaka yako kabandika keria juu yake kwa gundi kwa sababu kwenye picha ya boksi ilikuwepo. Alama ya kidole chake imeganda kwenye gundi, tazama.

Akatazama. Akaleta karibu na macho. Alama ya kidole cha kaka yake ilikuwa pale pale kwenye plastiki, pana, yenye ule mkato wa kisu wa utotoni ambao Idrisa mwenyewe alikuwepo ulipotokea.

Nikamuuliza kama mikono iliyofanya hili ndiyo iliyofanya lile.

 Hakukubali, akasema huenda hilo bovu ndilo kaka yake alilojifunzia.

Hapo Salma akaingilia. Mnajua watoto wetu, Kiswahili wanakielewa chote ila wanajibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alisema hivi, nanukuu: "Baba mdogo, ni vya mama. Vyote. Baba alikuwa anashika taa tu. Na mimi nilikuwa najua, everybody in this house alikuwa anajua."



Ustaadh akauliza Salma kama anaelewa alichokisema. Vikiwa vya baba yake, yeye kama binti ana fungu kubwa humo. Vikiwa vya mama yake, leo hapati kitu.

Akajibu, "I know. Ndiyo maana nasema."

Ustaadh akamgeukia Idrisa akasema mtu akitoa ushahidi unaompunguzia fungu lake mwenyewe, sisi tuna la kuongeza? Idrisa akavuta pumzi ndefu. Akasema hapana.

Mnunuzi hakuelewa Kiswahili, lakini kilichotokea alikielewa. Akasimama, akanipa mkono mimi, siyo Idrisa. Nikamwambia siuzi. Akasema alikuwa anahofia hivyo.

Mngeniona nilivyokuwa nimesimama, wakuu. Ningeweza kuinua jengo.

Lakini Ustaadh hakuwa amemaliza. Akanyoosha kidole kwenye wagon ya kijani. Akauliza, "Na hili, Mama Salma?"

Nilikuwa nimeshasema mwenyewe siyo langu. Bodi niliinunua mimi, bampa niliitafuta mimi, ningeweza kushika hapo na hakuna ambaye angebisha. Kwenye ukuta wote ule, hicho ndicho pekee nilichokuwa nakitaka kweli.

Nikasema ni la marehemu.

Idrisa akasema basi yeye anaomba hilo tu, hataki kingine. Akalifunga kwenye kitambaa chake cha shingo akaondoka nalo. Nilipofunga mlango nililia, na Salma alikaa na mimi sakafuni bila kusema kitu kwa lugha yoyote.

Baada ya hapo maneno yakaenea. Sasa hivi kwenye kikundi cha wamama naitwa Mama Vigari, na nasikia wapo wanaosema nilimdhalilisha marehemu kwa kumnyang'anya hobi. Naomba niwajibu humu kwa sababu najua mpo. Yule mtu alikubali kuchekwa miaka yote ili mimi nisichekwe. Mimi nimelitwaa jina lake na nitalibeba. Niiteni hivyo msibani, niiteni harusini, nitaitika. Meza yangu sasa iko sebuleni karibu na dirisha, pazia wazi, na mwezi ujao naenda kwenye maonyesho ya wapenzi wa hobi hii na version yangu ya kwanza, na jina langu kamili kwenye kadi.

Funzo langu kwenu, hasa kina mama: kitu chako sema ni chako wakati mnaohusika wote bado mnapumua. Mume mwema anaweza kukukinga na mdomo wa watu, lakini akiondoka kinga inaondoka naye, na kila kitu kilichokuwa nyuma yake kinahesabiwa kuwa chake.

Moja la mwisho.

Juzi Idrisa kapiga simu. "Shemeji, gari la kaka limedondoka bampa. Njoo na gundi."

Nikaenda. Kaliweka kwenye kabati la vioo, peke yake, kama kombe. Mkobani nilikuwa na bampa sahihi ya version ya pili, mpya, vipini vizima, ingeingia yenyewe bila kulazimishwa. Idrisa asingejua tofauti.

Nikairudisha ileile iliyokatwa kwa nail cutter. Nikaishikilia kwa vidole mpaka gundi ikakauka. Idrisa alinishikia taa.

Haya, uwanja wenu. Wa kutukana atukane, ila kwanza atie kidole chini ya paa aniambie ni version gani.